Mjane wa kaka, bibi wa mdogo: Malkia Catherine wa Aragon

Hakuna padri aliyekaa muda katika misioni asiyeulizwa swali hili. Mtu amekufa, mali ya ndoa ilikwisha kulipwa, mjane yupo. Je, mdogo wa marehemu aweza kumtwaa? Wazee wanajibu: ndiyo, tena ni wajibu wake. Katekista anajibu: tungoje padri aje. Na padri akifika anafungua kitabu cha sheria. Sisi wenyewe tumeketi chini ya mwembe zaidi ya mara moja, jamaa mbili wakitutazama usoni, na mjane yuko nyuma kabisa, ameinamisha kichwa, wala hakuna aliyemwuliza neno.

Swali hilo si la kwetu tu. Karibu miaka mia tano iliyopita liliulizwa katika ufalme wa Uingereza, na kwa ajili yake Eklezya ya nchi ile ilitengwa na Roma. Mjane mwenyewe alikuwa binti wa mfalme wa nchi nyingine. Katika vitabu tulivyosoma seminarini, Catherine wa Aragon alipewa mistari mitatu au minne: ni yule bibi aliyefukuzwa ili Anne Boleyn apate kuingia. Mengine yote yalikuwa habari za Henry VIII, za Kardinali Wolsey na za Papa. Leo twapenda kumwita yule mjane aketi mbele, tusikie shauri lake.

Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1485 mjini Alcalá de Henares, katika Hispania. Baba yake ni Ferdinand, mfalme wa Aragon. Mama yake ni Isabella, malkia wa Castilla, aliyetawala kwa haki yake mwenyewe wala si kwa sababu ya bwana wake. Kati ya watoto watano waliokua, Catherine alikuwa wa mwisho. Jina lake alipewa kwa kumkumbuka Catherine wa Lancaster, Mwingereza, mama wa baba yake Isabella. Hivyo kabla ya kufika Uingereza alikuwa na damu yao kidogo. Isabella hakusoma sana alipokuwa mdogo, akasikitika, akawatafutia binti zake walimu. Catherine alijifunza Kilatini, historia, hata sheria ya serikali na sheria ya Eklezya. Tena alijifunza kushona, na mpaka uzee wake alishona mashati ya bwana wake. Msomaji ashike sana neno lile la sheria. Tutalikuta tena.

Alipokuwa na miaka mitatu wakubwa walipatana juu yake. Mapatano ya Medina del Campo, mwezi wa Machi 1489, yalisema ya kwamba ataolewa na Arthur, mtoto wa kwanza wa Henry VII, ambaye hakutimiza hata miaka mitatu. Mali iliwekwa: escudo 200,000, nusu wakati wa arusi na nusu baadaye. Kwetu mali hutoka kwa jamaa ya kijana. Kwao ilikuwa kinyume, baba wa binti ndiye aliyelipa. Lakini ugomvi wa deni la mali tunaujua vizuri, na feza zikitoka upande huu au upande ule, anayeteseka ni binti.

Mwaka 1499 ilifanywa ndoa kwa njia ya wakili, Arthur akimshika mkono balozi wa Hispania, mzee de Puebla, badala ya mchumba. (Waseminari wanaosoma sheria ya ndoa wacheke kidogo, lakini wakumbuke kwamba ndoa ya namna hiyo sheria yetu bado inaijua.) Wachumba waliandikiana barua kwa Kilatini. Inasimuliwa kwamba walipoonana uso kwa uso hawakusikilizana, kwa kuwa kila mmoja alitamka Kilatini kwa kufuata masikio ya kwao. Mapadri wazee waliofundishwa kwanza na Wabelgiji, kisha wakaenda kusoma Roma, hawatalishangaa jambo hilo.

Catherine alifika bandari ya Plymouth tarehe 2 Oktoba 1501, baada ya zoruba kumrudisha mara ya kwanza. Arusi ilifanywa katika kanisa la Mtakatifu Paulo, London, tarehe 14 Novemba. Yeye alikuwa na miaka kumi na tano, karibu kumi na sita. Arthur kumi na mitano. Wakapelekwa kukaa Ludlow, mpakani mwa nchi ya Wales, na huko tarehe 2 Aprili 1502 Arthur akafa. Ndoa ilikuwa imedumu miezi minne na nusu.

Sasa, nani amrudishe mjane kwao? Nusu ya mali ilikuwa imelipwa, na Henry VII hakuwa mtu wa kurudisha feza. Ferdinand naye hakutaka kulipa nusu ya pili bila kujua binti yake atawekwa wapi. Wakapatana tena mwaka 1503: Catherine ataolewa na Henry, mdogo wa marehemu, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Wakamwomba Papa Julius II ruhusa, kwa sababu sheria ilikataza mtu kumwoa mjane wa ndugu yake. Ruhusa ikatolewa, nayo ina tarehe 26 Desemba 1503. Ndani yake lilitiwa neno dogo la Kilatini, *forsan*, maana yake «labda»: ndoa ya kwanza labda ilitimizwa kwa tendo la mwili. Neno hilo moja lilitungoja miaka ishirini na mine.

Kisha Isabella akafa, mwezi wa Novemba 1504, na bei ya binti yake ikashuka. Mwezi wa Juni 1505, kijana Henry alitamka kwa siri mbele ya askofu wa Winchester kwamba hakubali uchumba ule. Ni baba yake aliyemfundisha kusema hivyo, apate kuwa huru kutafuta mchumba mwingine. Catherine hakuambiwa. Alikaa London miaka ile yote, si bibi wala si mchumba, bila feza. Alimwandikia baba yake kwamba watumishi wake hawana nguo na hawalipwi mshahara. Vyombo vya feza na vito alivyokuja navyo vilihesabiwa kuwa sehemu ya mali, lakini ilimbidi aviweke rehani apate chakula. Basi kila sahani iliyotoka nyumbani ilizidisha deni la baba yake. Mwaka 1507 Ferdinand akampa barua za ubalozi, awe mjumbe wake rasmi mbele ya Henry VII. Binti wa miaka ishirini na mmoja, tena mwenye deni, akasimama barazani kuzungumza mambo ya ufalme. Sisi twaona kwamba shule yake ya kweli ilikuwa miaka hiyo saba.

Henry VII alikufa tarehe 21 Aprili 1509. Mfalme mpya, kijana ambaye hakutimiza miaka kumi na minane, hakungoja: tarehe 11 Juni alimwoa Catherine huko Greenwich, na tarehe 24 Juni wakavikwa taji pamoja Westminster. Wote wanakiri kwamba walipendana. Alama ya bibi, tunda la komamanga la Granada, ilichorwa pamoja na waridi la Uingereza kwenye kuta na malango.

Alikuwa malkia wa namna gani? Mwaka 1513, Henry alipokwenda kupigana Ufaransa, alimwachia yeye kuitawala nchi. James IV, mfalme wa Uskoti, aliyekuwa shemeji ya Henry, akaona nafasi akavuka mpaka. Catherine alikusanya askari na vyakula, akaanza kusafiri mwenyewe kuelekea kaskazini. Lakini vita vilikwisha kabla hajafika, tarehe 9 Septemba huko Flodden, na James akauawa pamoja na maelfu ya watu wake. Catherine akampelekea bwana wake kipande cha koti la maiti, lenye damu, apate kulifanya bendera. Hapo hatumsifu. Marehemu alikuwa Mkristu mwenzake, na mjane wa marehemu alikuwa dada ya Henry mwenyewe.

Twapenda zaidi kumwona mwaka 1517. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei vijana wa London, wengi wao wanafunzi wa kazi za mikono, waliwashambulia wageni, wakavunja nyumba zao. Serikali ilitundika wachache, na mia nne hivi waliletwa mbele ya mfalme na kamba shingoni. Mjumbe wa Papa aliyekuwa huko aliandika kwamba malkia alipiga magoti, akalia, akawaombea maisha, wakasamehewa. Fikirini: vijana wale walikuwa wamewachukia wageni, na aliyewaombea alikuwa mgeni.

Lakini watoto! Binti wa kwanza alizaliwa mfu mwaka 1510. Tarehe 1 Januari 1511 alizaliwa mvulana, kengele zikapigwa, na baada ya siku hamsini na mbili akafa. Wengine walifuata, wakazaliwa wafu au wakafa upesi. Mmoja tu aliishi, Mary, aliyezaliwa tarehe 18 Februari 1516, naye ni mwanamke. Mimba ya mwisho ilikuwa mwaka 1518. Hakuna haja ya kuwaeleza wasomaji wetu maana ya nyumba isiyo na mvulana, wala maneno yanayosemwa jikoni juu ya mama wa namna hiyo.

Henry alikuwa mtu wa dini, tena msomaji. Mwaka 1521 alitoa kitabu cha kutetea sakramenti saba, na Papa Leo X akampa jina la Mtetezi wa Imani. Basi alipoanza kumtamani Anne Boleyn alitafuta njia katika Maandiko. Kitabu cha Walawi, sura ya 20, chasema kwamba mtu akimtwaa mke wa ndugu yake hawatapata watoto. Akasema: tazameni, ndilo lililonipata. Lakini kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 25, chaamuru kinyume: ndugu akifa bila mtoto, aliyebaki amtwae mjane amwinulie marehemu uzao. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Ulaya walipigana kwa vifungu hivyo viwili miaka mingi.

Wolsey, aliyejua sheria, alimwonyesha mfalme njia nyembamba zaidi. Kama Catherine alikuwa bikira wakati Arthur alipokufa, kizuizi hakikuwa kile cha ujamaa wa ndoa, bali kile cha heshima ya watu wote, kinachotoka katika ndoa isiyotimizwa; na je, barua ya Julius II ilikiondoa hicho nacho? Mabishano hayo si ya kijinga, na mwanafunzi wa sheria angeweza kukesha juu yake. Lakini Henry hakutaka hoja ndogo. Alitaka itamkwe kwamba hata Papa hawezi kuondoa katazo lile kwa kuwa ni la Mungu mwenyewe. Na mwaka uleule 1527 akaomba Roma ruhusa ya kuoa mwanamke ambaye ana ujamaa wa namna ileile naye, hata kwa tendo lisilo halali. Sababu alikuwa amekwisha kulala na dada ya Anne. Tulipolisoma hili mara ya kwanza tulifunga kitabu, tukakifungua tena kuhakikisha.

Catherine alijibu nini? Tangu siku ya kwanza, mwezi wa Juni 1527, jibu lake lilikuwa moja: Arthur hakunijua, nilipoolewa na Henry nilikuwa bikira, naye ajua. Roma ilimtuma Kardinali Campeggio, mzee mwenye ugonjwa wa miguu, aliyefika Oktoba 1528. Alimshauri malkia aingie utawani. Mambo yote yangelainika, na binti yake hangepoteza haki. Catherine alikataa: wito wake ni ndoa. Kisha akaungama kwake, akamwambia katika maungamo kwamba alilala na Arthur usiku chache tu na kuachwa kama alivyozaliwa, akampa ruhusa kuvunja siri na kuitangaza kwa watu wote. Ni mapadri wangapi wamepewa mzigo wa namna hiyo?

Tarehe 21 Juni 1529 baraza la hukumu liliketi Blackfriars, London, mfalme na malkia wakiitwa mbele ya makardinali wawili kama watu wengine. Alipoitwa jina, Catherine hakuwajibu waamuzi. Alizunguka viti, akaenda kupiga magoti miguuni pa bwana wake, akasema kwa Kiingereza chake chenye lafudhi ya ugenini. Alimwomba haki kwa kuwa yeye ni mwanamke na mgeni, hana wakili asiyemwogopa mfalme. Alimkumbusha miaka ishirini ya ndoa na watoto waliowazika. Akaiachia dhamiri yake jambo la ubikira. Henry alinyamaza. Catherine akainuka, akashika mkono wa mtumishi, akatoka. Wakamwita mara tatu, hakurudi. Shauri lake alikwisha kulikata rufani Roma. Siku chache baadaye askofu wa Rochester, John Fisher, alisimama kumtetea, akasema yu tayari kufa kama Yoane Mbatizaji kwa ajili ya ndoa hiyo. Ndivyo ilivyokuwa: alikatwa kichwa tarehe 22 Juni 1535, na mwaka 1935 Eklezya ikamtangaza mtakatifu.

Lazima tuseme wazi kuhusu Roma. Mwezi wa Mei 1527 askari wa Kaisari Charles V waliuteka mji na kuunyang'anya, na Papa Clement VII akawa kama mfungwa wao. Naye Charles alikuwa mtoto wa dada ya Catherine. Papa aliogopa mpwa, aliogopa mfalme, akaahirisha. Catherine alimwandikia tena na tena akimsihi akate shauri. Hukumu ya kwamba ndoa ni halali ilitolewa tarehe 23 Machi 1534. Miaka saba! Wakati huo Henry alikuwa amemwoa Anne, na Askofu mkuu Cranmer alikuwa ametangaza tangu Mei 1533 kwamba ndoa ya Catherine si kitu. Mwenye kuketi katika baraza la hukumu la jimbo aitafakari tarehe hiyo kila anapoona rundo la faili mezani.

Wengine huuliza: kama angalikubali kuingia utawani, je, Uingereza isingalibaki katoliki? Swali hili linamtwisha mwanamke mmoja mzigo wa wanaume wengi. Aliombwa aseme kwamba miaka ishirini aliishi kama hawara na kwamba binti yake ni mwana haramu. Hata hivyo, mpwa wake alipofikiriwa kuleta askari, Catherine hakukubali vita vifanywe kwa ajili yake juu ya nchi aliyovikwa taji lake.

Tuongeze neno moja kwa wenzetu wanaofundisha. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1917 ilishika bado kizuizi cha mjane wa ndugu, na mapadri wetu wa kwanza waliomba ruhusa kwa askofu. Sheria ya mwaka 1983, katika kanuni 1092, imebakiza kizuizi katika mstari wa kupanda na kushuka tu. Basi kwa sheria hiyo mdogo hazuiliwi tena kwa ujamaa. Lakini swali lililo gumu zaidi limebaki palepale: mjane mwenyewe ataka? Mwaka 1503 hakuna aliyemwuliza Catherine. Alipokubali mwaka 1509 kwa hiari yake, hakuna aliyeweza tena kumfanya akane.

Mwezi wa Julai 1531 Henry alimwacha Windsor bila kumwaga, hawakuonana tena. Alihamishwa nyumba kwa nyumba, mpaka Kimbolton, mahali pa maji na baridi. Mary alikatazwa kumwona. Mwezi wa Julai 1533 mabwana walimletea karatasi yenye kumwita Binti Mfalme Mjane, yaani mjane wa Arthur. Akaitisha kalamu, akalikata jina hilo kila mahali lilipoandikwa. Karatasi hiyo, yenye mikwaruzo ya wino, ipo hata leo.

Mwanzo wa Januari 1536 aliugua sana. María de Salinas, rafiki yake wa Hispania tangu ujana, alifika usiku bila ruhusa ya mfalme, akapita mlangoni kwa kusema ataonyesha barua kesho. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Catherine aliona mauti inakaribia, akatamani Komunyo. Muungamishi wake, askofu wa Llandaff, alitaka kusoma Misa papo hapo kabla ya mapambazuko, maana hali ni ya hatari. Mgonjwa alikataa, akamtajia hoja za kuonyesha kwamba saa haijafika na sheria hairuhusu. Wakangoja wote wawili. Kulipopambazuka alipokea Mwili wa Bwana, akasali mchana, na baada ya saa sita akafa, mwenye miaka hamsini.

Alizikwa tarehe 29 Januari katika kanisa la Wabenedikto wa Peterborough, kwa heshima ya mjane wa Arthur, si ya malkia. Aliyehubiri alikuwa askofu mpya wa Rochester, aliyekalia kiti cha Fisher, akadai kwamba saa ya kufa Catherine alikiri hakuwa malkia kamwe. Mwaka 1643 askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliharibu kaburi. Kanisa lile leo ni la Waanglikani. Wenyewe wameweka juu ya mahali pale, kwa herufi za dhahabu, maneno manne ya Kiingereza, ambayo maana yake ni: Catherine, Malkia wa Uingereza. Na kila mwezi wa Januari watu huja kumwombea, wengine wakiweka makomamanga juu ya jiwe.